Mpaji Yuko Wapi? Ngano, Filamu na Tangazo la Biashara

Wenzangu, habari za jioni. Vladimir Propp wengi mmemkariri kwa ajili ya mtihani, basi leo tumfanyishe kazi. Mwaka 1928 alichapisha uchambuzi wa ngano za kichawi za Kirusi, akaonyesha kwamba wahusika hubadilika majina na sura lakini matendo yao yanajirudia. Alihesabu matendo 31. Si lazima yote yawemo, ila yaliyomo hufuata zamu.

Mimi nayataka matatu tu: mpaji humjaribu shujaa, shujaa huitikia, ndipo hupewa kifaa cha ajabu. Hata katika ngano zetu, bikizee mwenye tongotongo atataka kwanza umwoshe macho. Ukimdharau, umekosa.

Sasa tazameni tangazo la sabuni ya unga. Jahili, yaani adui wa shujaa, ni doa kwenye shati la shule. Mama amekwama, jirani anapiga hodi, pakiti mkononi. Huyo ndiye mpaji. Jaribio je? Mama hakuombwa hata maji ya kunywa! Limehamishiwa dukani, mtakutana nalo ninyi: bei.

Tangazo la kompyuta ya Macintosh ni janja zaidi. Liliongozwa na Ridley Scott, likarushwa Marekani tarehe 22 Januari 1984 wakati wa Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani. Watu wenye vipara wameketi safu kwa safu, wanakodolea skrini kubwa ambamo mwanamume mwenye miwani anahutubia. Mwanamke mwenye kaptula nyekundu anaingia mbio na nyundo, askari wakimfukuza. Anaizungusha, anairusha, skrini inalipuka. Propp mtupu, ingawa kufukuzwa kumetangulia ushindi, na hilo sidhani angelipitisha. Baada ya hapo hakuna harusi wala kiti cha enzi. Waliokombolewa wameachama tu. Kompyuta yenyewe haionekani, labda uhesabu mchoro ulio kwenye fulana ya yule mwanamke. Tunaambiwa tu kwamba itazinduliwa tarehe 24.

Filamu ya saa mbili ikikuachia hapo, utadai nauli yako. Filamu umeilipia mlangoni, kwa hiyo inadaiwa mwisho. Tangazo bado halijalipwa, ndiyo maana linaushikilia.

Haya, tuzime taa tulitazame, ni dakika moja tu. Mara ya kwanza msiandike kitu. Mara ya pili nitalisimamisha nyundo ikiwa hewani, mniambie ni nani aliyempa.