Mtambo Ukilegea, Si Kila Mara ni Baridi

Ndugu mafundi na maofisa ugani, mmeniomba nieleze kwa nini gesi hupungua kwenye mitambo ya biogesi ya huku Njombe ifikapo Juni na Julai. Naanza na baridi, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa kila kitu.

Wanaotengeneza metani, ile gesi inayowaka jikoni, si bakteria. Ni arkea, kundi la viumbe vidogo mno ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977. Jamaa yao mmoja wa chemchemi za moto zilizo chini ya bahari, Methanopyrus kandleri, amezaliana maabara kwenye nyuzi 122! Hawa wetu wa kwenye samadi hustawi kwenye nyuzi 35 hadi 40. Joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi yao hupungua karibu nusu. Hawafi, wanazubaa tu. Shida ni kwamba bakteria wanaowatangulia, wale wanaochachusha na kutoa asidi, hawazubai kiasi hicho. Asidi hukosa mlaji, ikarundikana, na pH, yaani kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu umezidi), ikienda chini ya 6.5 arkea hukwama kabisa. Kwa hiyo wakati wa baridi punguza malisho. Najua mwenye mtambo akiona moto umefifia huongeza ndoo, mkatazeni.

Sasa njaa ya arkea hao, yaani kukosa madini, ambayo wengi hatuipimi. Hatua ya mwisho ya kutengeneza metani hufanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ndani ya kiumbe, chenye kisaidizi (kiambata) kiitwacho F430, na katikati ya kiambata hicho imekaa atomu moja ya nikeli. Nikeli ikikosekana, metani haitoki, hata tope liwe na joto zuri namna gani. Kobalti na chuma navyo vinatakiwa, vyote kwa kiasi kidogo mno. Ujerumani wameliona hili kwenye mitambo iliyolishwa silaji ya mahindi (mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa) peke yake: inaanza vizuri, kisha asidi inapanda ilhali joto halijabadilika, mpaka waongeze madini hayo. Samadi ya ng'ombe huja nayo, pamoja na arkea wenyewe.

Basi kabla ya kulaumu Julai, tumbukizeni kipimajoto kwenye tope. Likiwa na joto lilelile la Machi na gesi imepungua, muulizeni mama mwenye nyumba: siku hizi mnaweka nini, samadi au maganda ya jikoni matupu? Mtambo wa mfano uko nyuma ya ukumbi. Twendeni tukaupime, maswali mtaniulizia hukohuko.