Tangi la Pili

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Mbwana yupo mbele yangu na chai yake ya tangawizi, na kwenye karatasi yake ameandika mafunzo matatu ya uadilifu na ustahimilivu ambayo tuliwaahidi vijana walioanza kazi. Kabla hajayasoma, naomba nieleze lililonipata wiki hii. Jumatatu, nikiwa mezani kwangu kama mhasibu, dereva wa ofisi aliniletea marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha alizopewa kwa safari ya Dodoma, na ndani yake kulikuwa na risiti ya dizeli ya lita 118 zilizojazwa kwa mkupuo mmoja, ilhali tangi la gari lile, kwa mujibu wa kitabu chake, linabeba lita 90.

MBWANA: Assalamu alaykum, wasikilizaji. Mdogo wangu, magari ya safari ndefu mengine yana tangi la pili.

ZUHURA: Nilijua utalitaja. Nilishuka yadi mwenyewe nikalizunguka gari, nikakuta kifuniko kimoja cha mafuta, na fundi wa karakana akanithibitishia kwamba tangi ni moja. Niliporudi mezani nilihakiki risiti kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, na mfumo ukaonyesha kuwa ni risiti halali ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, yenye kituo, tarehe na saa zilezile.

MBWANA: Basi risiti ni halali.

ZUHURA: Risiti ni halali na mauzo ni ya kweli. Mashine inathibitisha kwamba kituo kiliuza lita 118, lakini haiwezi kuthibitisha ziliingia kwenye gari gani. Jambo hilo wahasibu wengi wachanga hawalioni, kwa kuwa tumefundishwa kuogopa risiti bandia, na risiti ya kweli inayosimulia uongo inapita mbele ya macho yetu ikiwa na mhuri wake.

MBWANA: Na dumu? Dereva anayejua njia hawezi kuondoka bila dumu la akiba nyuma. Nilipokuwa mtunza bohari, kila gari lililokwenda vijijini lilibeba madumu mawili ya lita 20, na mtu asiyejua angeiona risiti angesema dereva ni mwizi.

ZUHURA: Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kaka? Barabara ya lami, yenye vituo vya mafuta Chalinze, Morogoro na Gairo?

MBWANA: Nasema inawezekana. Tangi la pili si lazima lifungwe chini ya gari.

ZUHURA: Wasikilizaji, mmesikia. Sasa tangi la pili limekuwa la plastiki, na kabla kipindi hakijaisha litakuwa limepanda juu ya paa.

MBWANA: Cheka, lakini hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Wewe uliiandikia vocha ya dereva hoja, yaani swali rasmi la kutaka maelezo, ukairudisha kwa mkuu wa idara, na dereva akapata habari kwa mkuu wake. Mtu mzima mwenye familia, anayekuchukua kituoni kila asubuhi, hukumwita pembeni hata kumuuliza lita 28 zilikwenda wapi. Ahadi za TANU tulizokariri shuleni zilisema, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Zote mbili zimo katika sentensi moja.

ZUHURA: Fitina ni maneno ya nyuma ya mgongo. Hoja yangu ina tarehe, ina saini yangu, na yeyote mwenye kuhusika anaweza kuisoma na kuijibu. Ukiniuliza mimi, kumwita mtu pembeni ndiko kunakofanana zaidi na fitina, kwa sababu yanayozungumzwa pale hayabaki popote. Angeniambia "nitakuletea nyingine," kesho yake ikaja risiti ya lita 85 kutoka kituo kilekile, na mimi ningekuwa mshirika wake. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu hasa kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri, na anayeiidhinisha nyaraka huku akijua hawezi kujificha nyuma ya dereva.

MBWANA: Sijasema uidhinishe. Nimesema uanze kwa kuuliza. Halafu fikiria kijana anayekusikiliza akiwa katika mwezi wake wa tatu kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mpaka atimize miezi sita kwa mwajiri huyo. Wewe uko mwaka wa pili, una mkataba na unajiandaa na mitihani ya Novemba ya NBAA, bodi ya wahasibu. Yeye ana nini? Akiandika hoja mwezi wa tatu, mwezi wa nne atakuwa nyumbani na uadilifu wake.

ZUHURA: Kwa hiyo asubiri mwezi wa saba ndipo awe mwadilifu?

MBWANA: Ajifunze kwanza watu anaofanya nao kazi. Bohari ilinifundisha hivyo: kila asubuhi nilihesabu mifuko ya saruji pamoja na kuli, tukatia saini wote wawili kwenye leja, na siku mfuko ulipopungua hakuna aliyehitaji kumshtaki mwenzake. Huo ndio ustahimilivu ninaoujua, kazi ya kuchosha inayorudiwa hata pale ambapo hakuna anayeshuku.

ZUHURA: Kuhesabu kwenu bohari nakukubali tangu mwanzo. Lakini dereva hakuhesabu nami, kaka. Aliniletea karatasi iliyokwisha kukamilika. Na ustahimilivu wangu wa wiki hii ni mwingine: naingia chumba cha chai watu wananyamaza, wananiita "Mkaguzi Mkuu," asubuhi napanda daladala, na mwisho wa mwezi nitauliza swali lilelile kwa vocha nyingine.

MBWANA: Ungemwita pembeni, usingepanda daladala.

ZUHURA: Na lita 28 zingelipwa.

MBWANA: Pengine zingelipwa, pengine angezirudisha kwa hiari yake. Hujui, kwa sababu hukumpa nafasi.

ZUHURA: Nafasi anayo hata sasa. Hoja inamtaka atoe maelezo ya maandishi, na akiandika kwamba alibeba dumu, na kitabu cha safari za gari kikaonyesha hivyo, nitaipitisha vocha siku hiyohiyo.

MBWANA: Maandishi kwa dereva aliyeishia darasa la saba, mbele ya mhasibu mwenye shahada. Hapana, mdogo wangu, hapo sikubaliani nawe.

ZUHURA: Nami sirudi nyuma.

MBWANA: Basi tuyaache hapo. Fundi mitambo wetu ameinua vidole viwili, zimebaki dakika mbili, na mafunzo yangu matatu sijagusa hata moja.

ZUHURA: Soma la kwanza upesi.

MBWANA: La kwanza linasema, "Kijana, fahamu ukomo wa..." Hili lina maelezo marefu, haliwezi kusomwa kwa dakika mbili.

ZUHURA: Ukomo wa tangi?

MBWANA: Ukomo wa mamlaka yako, Zuhura. Wasikilizaji, karatasi hii mtaisikia wiki ijayo, kama dada yenu hataleta risiti nyingine.

ZUHURA: Nitaleta. Madereva mnaotusikiliza, tuandikieni mtueleze mnabeba madumu mangapi kwenda Dodoma.