Msitu wa Milingoti: Mchoro Mkubwa wa Mwisho wa Ivan Shishkin

Mabibi na mabwana, kabla sijaeleza lolote, inueni macho mtazame ukingo wa juu wa picha hii. Misonobari ya katikati haina vilele. Imekatwa na fremu.

Nafasi haikuwa ndogo. Turubai lina upana wa sentimita 252 na kimo cha sentimita 165. Ivan Shishkin, aliyeikamilisha kazi hii mwaka 1898 akiwa na miaka 66, angeweza kuipunguza miti ikaenea yote. Hakutaka. Mti ukiuona mzima, jicho limeumaliza. Usipouona kilele chake, jicho huendelea kuupanda hata pale rangi ilipokoma.

Kwa Kirusi picha inaitwa Korabelnaya Roshcha, yaani msitu wa merikebu. Mliokulia pwani mtanielewa upesi: hii ni miti ya milingoti. Anayetafuta mlingoti hutaka mti mrefu, ulionyooka, wenye mafundo machache. Msonobari huwa hivyo ukiota kwa kusongamana na wenzake. Matawi ya chini hunyimwa mwanga, hukauka, huanguka. Shina nalo hukimbilia juu kulitafuta jua. Sasa rudini kwenye mashina haya. Chini gome ni zito, la kijivu, limepasukapasuka. Kadiri linavyopanda linakuwa jembamba na kugeuka rangi ya chungwa, kama shaba iliyosuguliwa. Msonobari wenyewe ndivyo ulivyo. Shishkin ametuandikia kwa brashi historia ya mti uliopigania mwanga kwa miaka mingi.

Alizaliwa mwaka 1832 huko Yelabuga, mji mdogo kando ya mto Kama, baba yake akiwa mfanyabiashara. Msitu huu ni wa kwao. Alisoma Moscow na St Petersburg, akapita Uswisi na Ujerumani, akarudi Urusi mwaka 1865. Mwaka 1870 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Peredvizhniki, wachoraji waliosafirisha maonyesho yao kutoka mji hadi mji, ili sanaa isibaki ya watu wa mji mkuu peke yao. Mwenzake katika chama, Ivan Kramskoi, alimwita shule ndani ya mtu mmoja.

Wengi wenu mnamjua kwa ile picha ya dubu msituni asubuhi, ya mwaka 1889. Dubu wale walichorwa na rafiki yake, Konstantin Savitsky. Ni kazi nzuri, lakini mimi naipenda hii zaidi, kwa sababu hapa miti inasimama yenyewe, bila mnyama wa kutuvuta.

Husemwa kwamba Shishkin ni mtaalamu wa mimea aliyeshika brashi, kwamba usahihi wake ni baridi. Sikubaliani kabisa. Huwezi kulijua gome la mti kiasi hiki bila kukaa chini yake siku nyingi, kiangazi baada ya kiangazi, penseli mkononi. Mtu hakai hivyo na kitu asichokipenda. Na alikaa nacho mpaka mwisho: alifariki mwaka huo huo wa 1898, akiwa kazini mbele ya turubai jipya.

Niwaonyeshe jambo moja zaidi, hapa chini. Kijito hiki ni cha maji machache mno, yanapita juu ya mawe, safi kiasi kwamba rangi ya udongo wa chini inaonekana. Vipepeo wadogo wanaruka juu yake. Na mbele kabisa kuna uzio wa miti, wa kijijini, sehemu yake imelegea. Hakuna binadamu pichani, ila uzio huu umefungwa na mkono wa mtu, na kimo chake tunakijua kwa miili yetu. Simameni kando yake kwa mawazo. Sasa hesabuni kutoka hapo, uzio juu ya uzio, mpaka mfike pale shina linapokatwa na fremu.