Usiongeze Nguvu, Sogeza Leza

Haya, tukae. Hili nimelisema mpaka wengine wenu mnaweza kunimalizia maneno, lakini kila nikiingia maabara namkuta mtu anatafuta modi ya juu (modi ni umbo ambalo mtetemo au mwanga hujipangia; ya msingi ndiyo sahili kuliko zote), mkono uko kwenye kitufe cha nguvu. Jamani! Ukiongeza nguvu utapata modi ileile ya msingi, kali zaidi. Ya juu hupatikana kwa umbo la mwanga na mahali unapouingizia.

Mpiga chapuo yeyote wa chakacha analijua hili. Katikati ya ngozi sauti moja, karibu na ukingo nyingine, kwa sababu iko mitetemo ambayo pale katikati haitikisiki kabisa. Ukipiga hapo huiamshi. Na sisemi hivi kuwachekesha. Ile namba 2.405 inayoamua sauti ya chini kabisa ya ngozi ya duara ndiyo inayoamua kama faiba ya kawaida, uzi wa kioo wa kupitishia mwanga, itabeba modi moja au zaidi.

Najua, kuna mtu anataka kuniambia faiba ya modi moja ni ya modi moja. Kwa mwanga gani, bwana? Kwa nanomita 1550, mwanga wa nyaya za baharini kama zile zilizofika hapa Mombasa 2009, sawa. Hebu tia ile taa nyekundu ya mafundi, nanomita 650, kwenye kiini cha maikromita 8, kisha elekeza ncha kwenye karatasi nyeupe. Kunja faiba kidogo kidogo: doa linayumba, mara linapasuka mawili, mstari wa giza katikati. Nani kaongeza nguvu hapo? Leza ikikaa katikati sawasawa, nusu moja ya modi hiyo ya madoa mawili inaifuta nyenzake, jumla sufuri. Isogeze maikromita mbili tatu, inaingia.

Mrija wa chuma wa mstatili wa kupitishia mawimbi ya redio, haraka: antena moja katikati ya upande mpana haiigusi TE20, modi yenye nusu mbili na sufuri katikati. Weka mbili, kulia na kushoto, uzilishe kwa ishara zinazopingana.

Kwenye leza yenyewe unaifukuza ya msingi. Nyoosha waya mwembamba kama unywele ndani ya rezoneta, pale mwanga unapokwenda na kurudi kati ya vioo, ukate katikati ya mwanga. Ya msingi inaumia, yenye giza hapo haina habari. Rezoneta inayolishwa kutoka nje inadai ulenge na masafa (frikwensi) pia, maana modi za juu aghalabu hazilii pamoja na ya msingi. Hiyo ina hesabu yake, na naona mwenye ukumbi keshasimama mlangoni.