Umepiga Windows Upya, Wi-Fi Haionekani? Tafuta Draiva kwa Namba ya Kifaa

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hii laptopu mnayoiona mezani ni ya mtumba, imepigwa Windows jana usiku. Angalieni kona ya chini kulia: alama ya Wi-Fi haipo. Sauti inatoka, kioo kiko safi, ila intaneti hakuna. Wengi mkifika hapa mnaambiwa kadi ya Wi-Fi imekufa, nunua nyingine. Usitoe hela bado. Mara nyingi kadi ni nzima, ila haina draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, au imewekewa draiva isiyo yake.

Tuanze. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza X, kisha chagua Device Manager. Inafunguka orodha ya vifaa vyote vya mashine. Tafuta pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Yetu hii hapa, imeandikwa Network Controller. Ibofye mara mbili, usome maandishi ya kwenye kisanduku. Mmeona? Code 28. Hiyo maana yake hakuna draiva iliyowekwa.

Kwako huenda ikatokea namba nyingine. Code 10 ni kifaa kushindwa kuanza, na hapo kwanza ishuku draiva isiyoendana. Code 43 ni kifaa chenyewe kuripoti hitilafu. Zima kompyuta kabisa, na kama ni kifaa cha USB kihamishie tundu jingine, kabla hujagusa draiva. Code 52 ni Windows kushindwa kuthibitisha sahihi ya kidijitali ya draiva, yaani muhuri unaoonyesha imetoka kwa nani na kwamba haijachezewa. Kuna watakaokufundisha kuuzima ukaguzi huo. Mimi sikufundishi, kwa sababu draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, na ukiingiza iliyochezewa umemfungulia mwizi mlango wa chumbani. Tafuta iliyo na sahihi.

Sasa hapa naomba utulivu, ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye dirisha hilo hilo nenda kichupo cha Details. Kuna kisanduku cha kuchagua. Kifungue, uteue Hardware Ids. Nasogeza kamera. Mstari wa juu unaanza hivi: PCI\VEN_8086&DEV_08B1. Usiogope, tusome pamoja. VEN ni mtengenezaji, na 8086 ni Intel. Ungeona 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. DEV ni kifaa chenyewe, na 08B1 ni kadi ya Intel Wireless 7260. Kwa vifaa vya USB utakuta VID na PID badala yake, kazi ni ile ile. Nakili mstari wote kwenye karatasi au upige picha kwa simu.

Kwa nini nasisitiza namba hii? Niliwahi kutengeneza laptopu ya mama mdogo kwa kufuata modeli iliyoandikwa kwenye stika tu. Draiva ikakubali kuingia kwa kulazimishwa, lakini mashine ikawa inaganda kila ikijaribu kushika mtandao. Siku mbili nahangaika nayo. Kumbe modeli moja inaweza kutoka kiwandani ikiwa na kadi za kampuni tofauti, huyu akapata hii, yule akapata ile. Stika haikuambii umepata ipi. Namba inakuambia.

Kitu cha pili cha kujua ni aina ya Windows. Bonyeza tena Windows na X, chagua System, tazama palipoandikwa System type: 32-bit au 64-bit. Draiva ya 32-bit haifanyi kazi kwenye Windows ya 64-bit. Hili limewagusa wengi tangu Windows 10 ifikie mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haina toleo la 32-bit, kwa hiyo printa au skana ya zamani yenye draiva ya 32-bit pekee haitakubali, hata uiweke mara kumi.

Sasa tunapakuaje bila Wi-Fi? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya hotispoti, washa USB tethering, yaani kuipa kompyuta intaneti ya simu kupitia waya. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Linda bando lako: fungua mtandao huo kwenye mipangilio ya Windows, uwashe Metered connection, ili masasisho makubwa yasianze kujishusha. Halafu nenda tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ingiza namba ya utambulisho iliyo kwenye stika ya chini, uchukue draiva inayolingana na kadi uliyoisoma. Isipokuwepo, nenda kwa mtengenezaji wa kadi, hapa ni Intel. Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja, naomba sana muachane nazo.

Kabla ya kuweka, tengeneza restore point, pa kurudi mambo yakiharibika. Faili likiwa la exe, libofye ufuate maelekezo. Likiwa zip, lifungue ndani ya folda. Rudi Device Manager, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya kifaa, chagua Update driver, kisha chaguo la pili, uionyeshe folda yenye faili la inf, lile lenye maelekezo ya kuweka draiva. Subiri. Pembetatu imeondoka, na pale kona Wi-Fi imetokea.

Kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi kikaharibika baada ya sasisho, nenda kichupo cha Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa. Iondoe draiva iliyopo, uweke inayofaa wewe mwenyewe.

La mwisho, na tafadhali msiliruke. Chomeka flashi, tengeneza ndani yake folda inayoitwa draiva. Bonyeza Windows na X, chagua mstari wenye neno Admin, uandike: pnputil /export-driver * D:\draiva. Badilisha D iwe herufi ya flashi yako. Draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine zinanakiliwa humo. Ikimaliza, bandika kipande cha karatasi kwenye flashi, andika jina la laptopu na tarehe, uiweke kwenye begi la laptopu hiyo hiyo. Siku fundi akiipiga Windows tena, mkabidhi na flashi.