Taimingi ya Beetle Haitegwi kwa Sikio

Asanteni. Naona wengine mmeshakuja na spana namba 13 mkononi. Ziwekeni chini kwanza. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na leo pia naanzia hapo hapo: injini ya Volkswagen Beetle haitegwi taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha gesi ndani ya silinda, kwa sikio.

Mtaniambia wazee waliotufundisha walilegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye silinda, wakaizungusha mpaka injini ikachangamka, wakakaza, gari likaondoka. Ni kweli, liliondoka. Lakini injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, gesi ndani ya silinda ni kidogo na huungua polepole, kwa hiyo kadiri unavyowahisha cheche ndivyo inavyochangamka. Sikio linafurahi, mkono unaendelea, kipimo cha kitabu umeshakivuka. Gari likipata mlima na mzigo, moto unakolea pistoni ikiwa bado inapanda, na injini inagonga. Kwenye gari la maji ungesikia kama kokoto ndani ya kopo. Kwenye Beetle feni inavuma, husikii kitu. Geji ya joto la maji nayo haipo, maana maji yenyewe hayapo.

Niliwahi kuletewa Beetle 1300 huku Mombasa. Lilitegwa kwa sikio Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kule hewa ni nyepesi, mgandamizo ni mdogo, taimingi iliyozidi inavumilika. Mwenyewe akapakia familia, akateremka Pwani, na kila alivyoteremka hewa ikawa nzito zaidi. Karibu na Mariakani nguvu zikakata. Nilipofungua nikakuta pistoni ya silinda ya 3 ina tundu la kupitisha kidole gumba. Lile gari aliachiwa na marehemu baba yake. Alikaa kwenye ngazi ya gereji, hakusema neno.

Kwa nini ya 3? Kwenye injini hizi za kabla ya 1971, kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni, juu ya silinda hiyo. Hewa inaifikia ikiwa imeshapata moto. Wajerumani walilijua hilo, ndiyo maana distribyuta nyingi za wakati ule zimechongwa ili cheche ya 3 ichelewe kidogo. Kwa hiyo mnatega kwa silinda ya 1. Msinitegee kwa nyingine!

Kuna atakayesema basi tuicheleweshe, tuwe salama. Hapana. Cheche ikichelewa, gesi hutoka kwenye valvu ya ekzosi ingali na moto mkali, na kichwa cha silinda kinaiva. Injini iliyoshinda mbio za magari za Safari za 1962, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani, haistahili kufia mikononi mwa mtu aliyeona uvivu kutafuta taa ya kupimia taimingi.

Taa yenyewe ni balbu na nyaya mbili tu. Injini iwe baridi. Anza na pointi, vile vibao ndani ya distribyuta vinavyofunguka kutoa cheche, mwanya milimita 0.4, kwa sababu ukigusa pointi umegusa taimingi: mwanya ukipungua, cheche inachelewa. Zungusha puli kwa mwendo wa saa mpaka alama yake ya digrii 7.5, yaani kabla pistoni haijafika juu, ikutane na mshono wa bloku, rota inayozunguka ndani ya distribyuta ikielekea alama iliyo kwenye ukingo wa distribyuta. Waya mmoja kwenye namba 1 ya koili, mwingine kwenye bodi. Washa swichi. Zungusha distribyuta kwa mwendo wa saa mpaka taa izime, kisha irudishe taratibu. Inapowaka tu, simama, kaza.

Hiyo 7.5 ni ya hizi 1300 na 1500 za kawaida. Ile 1200 ya zamani ni 10. Za 1971 kuendelea zina hesabu nyingine, na distribyuta ya 009 isiyo na vakyumu, kile kivuta hewa kinachowahisha cheche, inapimwa injini ikizunguka kwa kasi, digrii 28 hadi 32. Nilitaka kueleza vakyumu pia, lakini saa imenikimbia, na lile la kijani pale nje limeshapoa. Nani ana fila geji ya kupima mwanya wa pointi?