Askari asiyeruhusiwa kuua: Watanabe na Habu, mwaka 2008

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeambiwa mlangoni kwamba wengi mliokuja leo ni watu wa bao, wachache wa drafti, na kuna watatu wa sataranji, nawaona pale dirishani wamekaa pamoja kama timu ya ugenini. Karibuni nyote. Mchezo nitakaousimulia hakuna aliyeucheza humu, ila nina hakika watu wa bao watauelewa kabla ya hao watatu.

Unaitwa shogi. Ni ndugu wa sataranji, ndugu aliyekulia Japani. Ubao wake una vyumba 81, tisa kwa tisa, na kila mchezaji anaanza na kete 20: mfalme, askari tisa, farasi, mikuki, fedha, dhahabu, na zile mbili kubwa, moja yenda moja kwa moja kama ngome ya sataranji na moja yenda kimshazari. Sasa angalieni hii niliyoishika. Ni kibao cha mti chenye pembe tano, upande mmoja umechongoka, juu yake pameandikwa jina. Mwenzake wa upande wa pili ni rangi hiyo hiyo, mti huo huo. Unajuaje ni ya nani? Ncha. Ncha inapoelekea, ndiko adui aliko.

Hazikupakwa rangi kwa sababu kete ya shogi haina timu ya kudumu. Ukiila inakuwa yako. Unaiweka kwenye kimeza kidogo pembeni, na zamu yako ikifika una hiari: usogeze kete iliyopo, au uchukue ile mateka uitie ubaoni, karibu popote penye nafasi, ncha sasa ikimwelekea bwana wake wa jana.

Naona mzee wangu anatabasamu. Ndiyo, mzee, ni jambo la kwetu. Kwenye bao hakuna kete inayokufa. Ukila za mwenzako unazipanda upande wako, na kesho yake zinamla aliyekuwa nazo. Mtu wa sataranji akila farasi anamlaza kando ya ubao, msiba umekwisha, na ubao unazidi kuwa mtupu mpaka wanabaki wafalme wawili wanafukuzana kama wazee wenye baridi yabisi. Shogi haina utupu huo. Watu hawapungui. Mchezo unavyokaribia mwisho ndivyo moto unavyozidi, na sare ni adimu kabisa.

Nitawaomba mshike sheria mbili za askari, kwa sababu hadithi yote ya leo imening'inia kwenye moja yake.

Ya kwanza: huruhusiwi kumtia askari kwenye safu ya wima ambayo tayari una askari wako mwingine ambaye hajapanda cheo (kete ikifika eneo la adui unaweza kuigeuza ikapata nguvu mpya, huko ndiko kupanda cheo). Ukifanya hivyo umeshindwa papo hapo, hakuna onyo. Mabingwa wa kulipwa wamewahi kuisahau, mbele ya kamera za televisheni, na mtu anaondoka ameinamisha kichwa.

Ya pili ndiyo yenyewe. Huruhusiwi kumfunga mfalme moja kwa moja kwa kumtia askari kutoka kwenye kimeza. Sikilizeni vizuri hapo. Kumtia askari ukamtisha mfalme, halali. Kumsogeza askari aliyeko tayari ubaoni ukamfunga mfalme, halali. Kumfunga kwa kutia farasi, fedha, dhahabu, halali. Kumtia askari, mfalme asipate pa kukimbilia? Haramu. Wajapani wanaita uchifuzume. Watu wanatoa sababu za kila aina, kwamba si heshima mtu wa chini aliyetoka pembeni amuue mfalme. Mimi sizitilii maanani sana. Ninachojua ni kwamba sheria hii imezaa ujanja wa ajabu: mshambulizi anaweza kukataa kuipandisha cheo kete yake kubwa, aiache dhaifu kwa makusudi, ili mfalme abakiwe na kichumba kimoja cha kupumulia, askari atiwe kihalali, na mfalme afungwe hatua chache mbele. Unajipunguzia nguvu ili uweze kuua. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Haya, twende kwenye pambano.

Mwaka 2008 shogi ilikuwa na mataji makubwa saba. Leo ni manane. Moja linaitwa Ryuo, Mfalme Joka, na linadhaminiwa na gazeti la Yomiuri. Jina hilo hilo ndilo la kete kubwa iendayo moja kwa moja ikishapanda cheo. Bingwa hangoji ligi. Anakaa kitini, wengine wanapigana mwaka mzima, anayebaki mmoja ndiye anakuja kumtoa. Michezo saba, anayetangulia kufikisha ushindi wa nne ndiye bingwa.

Aliyekuwa kitini ni Watanabe Akira, kijana wa miaka 24. Alilichukua taji akiwa na miaka 20, mwaka 2004, na hakuliachia. Aliyekuja kumtoa ni Habu Yoshiharu, miaka 38. Huyu sijui nimfananishe na nani. Mwezi wa pili mwaka 1996 alikuwa ameshika mataji yote saba kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Wakati huo Watanabe alikuwa mtoto wa miaka 11 anayesomea uchezaji. Wote wawili waliingia daraja la kulipwa wakiwa na miaka 15, bado wanafunzi wa sekondari ya chini. Katika historia nzima ya mchezo walioingia wakiwa bado kwenye shule ya ngazi hiyo ni watano tu, na wawili kati yao ndio walioketi uso kwa uso mwaka ule.

Kulikuwa na jambo zaidi ya taji. Kila taji lina hadhi ya kudumu, jina ambalo mtu hanyang'anywi. Kwa Ryuo, masharti ni kulishika mara tano mfululizo, au mara saba kwa jumla. Hesabuni nami. Watanabe alikuwa nalo mara nne mfululizo. Habu alikuwa amelishika mara sita kwa jumla. Hakuna mtu aliyekuwa ameipata hadhi hiyo bado. Kwa hiyo yeyote atakayeshinda angekuwa wa kwanza. Na Habu alishapata hadhi ya kudumu ya mataji mengine yote sita. Hili ndilo lilikuwa limebaki. Mngeomba waandishi wa tamthilia wapange hivyo, mngeambiwa wametia chumvi.

Walianzia Paris, mwezi wa kumi. Ndiyo, Ufaransa; miaka ile mara kwa mara mchezo wa kwanza wa Ryuo ulikuwa ukipelekwa nje ya Japani. Wachezaji wamevaa kimono, wamepiga magoti, katikati kuna ubao mzito wa mti wenye miguu.

Niwaeleze mchezo mmoja unavyokwenda, maana hapa ndipo wa drafti huwa wanaguna. Kila mtu ana saa nane za kufikiri. Saa nane zake peke yake! Mchezo mmoja unachukua siku mbili. Wanaanza saa tatu asubuhi, na siku ya kwanza ikifika saa kumi na mbili jioni wanasimama. Sasa pana tatizo: mwenye zamu akilala na ubao, ana usiku mzima wa kufikiri bure. Dawa yake ni hii. Mwenye zamu haichezi hatua yake, anaiandika kwenye karatasi kwa siri, inatiwa kwenye bahasha, inafungwa, wanatia saini. Asubuhi mwamuzi anafungua bahasha mbele ya wote. Kwa hiyo usiku ule mmoja analala akijua alichokifanya, asijue atakavyojibiwa. Mwingine analala hajui hata swali. Mimi ningechagua kuwa wa bahasha. Ndugu yangu mmoja naye anasema afadhali kutojua, utalala vizuri.

Paris Watanabe alijenga ngome aliyoizoea, ile iitwayo anaguma, dubu ndani ya pango: mfalme anasukumwa mpaka pembeni kabisa, anazungukwa. Wengi huiona ngome hiyo kama bima. Habu akashinda. Wakarudi Japani, Habu akashinda wa pili. Akashinda na wa tatu.

Tatu bila. Na hapa lazima mjue kitu: katika pambano la michezo saba la taji la shogi, mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa amewahi kupoteza mitatu ya mwanzo kisha akashinda minne. Hata mmoja, miaka yote hiyo. Habu alihitaji ushindi mmoja tu katika michezo minne. Nadhani waandishi walishaanza kuandika habari zao wakaacha nafasi ya tarehe.

Mchezo wa nne, mwezi wa kumi na moja. Maji yalimfika Watanabe shingoni. Mfalme wake alikuwa ametolewa nje, amefukuzwa, kete za Habu zinamzunguka, na waliokuwa wakifuatilia walikuwa wanangoja kusikia neno moja, maana shogi mtu hangoji mfalme wake aliwe: anainamisha kichwa na kusema mwenyewe, nimeshindwa.

Hakusema. Ukihesabu hatua za Habu moja baada ya nyingine, njia ya kummaliza mfalme ilikuwepo, ila pigo la mwisho lilikuwa askari wa kutiwa kutoka kwenye kimeza. Haramu ile ile. Kama angekuwa na kete nyingine ya kuitia pale, pambano lingeishia hapo, na Habu angekuwa na hadhi zake saba tangu mwaka ule. Mfalme wa Watanabe alisimama akiwa amezungukwa kila upande, anaishi kwa sababu kete pekee inayoweza kumuua ndiyo isiyoruhusiwa. Zamu ikarudi kwa Watanabe, akashinda.

Nimesoma na kusikia watu wengi wakisema huo ulikuwa moyo, kijana alikuwa na moyo wa chuma. Nakataa, na mtanisamehe. Au tuseme nakubali nusu. Moyo hauoni uchifuzume. Ili mfalme wako usimame pale na ujue yuko salama, lazima uwe umehesabu mpaka mwisho wa njia ya adui yako, njia ya kifo chako mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka ukute kwamba kwenye ngazi ya mwisho kidaraja kimekatika. Watu wengi tukiona tunakufa tunaacha kuhesabu mapema, kwa sababu inauma. Hata kwenye bao nimeona: mtu akiona safu yake ya mbele inakaribia kuisha kete, anacheza haraka haraka ili aibu ipite. Watanabe alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameketi na programu ya kompyuta iitwayo Bonanza, wakati mabingwa wengi hawakutaka hata kusogelea, akaishinda.

Mzee ananiuliza: na bahati je? Ipo, mzee. Sheria ile haikuandikwa kwa ajili yake.

Wa tano akashinda Watanabe. Wa sita pia. Tatu kwa tatu.

Mchezo wa saba ulichezwa Tendo, mkoa wa Yamagata, tarehe 17 na 18 Desemba. Mji wenyewe ndio kiwanda cha shogi: sehemu kubwa ya kete za Japani zinachongwa huko, na kila mwaka wakati wa maua ya mcheri wanacheza shogi ya watu, watu wazima wamevaa mavazi ya vita ndio kete. Kama kuna mahali pafaapo kumalizia, ni hapo.

Kuna jambo moja la Habu ambalo mashabiki wote wanalijua. Akiuona ushindi mbele yake, mkono wake hutetemeka anaposhika kete. Si woga, huja pale anapokaribia kumaliza, utadhani mwili unaachia kamba. Ukiona mkono wa Habu unatetemeka, mpinzani wake ameshajua. Kwa hiyo fikirieni siku ile ya pili, mpinzani anatazama ubao na anatazama mkono.

Watanabe akashinda. Tatu bila ikawa nne kwa tatu, ya kwanza katika historia ya mataji ya shogi, na akawa wa kwanza kuwa na hadhi ya kudumu ya Ryuo. Cha kuchekesha, mwaka uliofuata tu, kwenye taji jingine la Oi, Fukaura Koichi alimfanyia Kimura Kazuki jambo lile lile. Miongo na miongo haiwezekani, kisha mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili.

Habu alisubiri miaka tisa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017, akiwa na miaka 47, alirudi kwa taji lile lile, mtu yule yule amekaa kitini, na akamshinda Watanabe nne kwa moja. Hadhi ya saba ikapatikana. Mwaka uliofuata alilipoteza, na hesabu ya mataji yake ikasimama kwenye 99. Amejaribu la mia, mwaka 2023 dhidi ya Fujii Sota, yule kijana aliyekuja kushika yote manane, na hakulipata.

Swali la mwisho nimeshaliona kwenye karatasi: baada ya mchezo ule wa Tendo walifanya nini, walipeana mikono wakaondoka? Hapana. Kwenye shogi mchezo ukiisha wawili hawainuki. Wanarudisha kete nyuma, wanapita upya hatua kwa hatua, aliyeshindwa anauliza, hapa ningetia wapi, aliyeshinda anamwonyesha, naye anasema hapana, hapo ningekujibu hivi. Yule aliyeshindwa, kama dakika mbili tu baada ya kuinamisha kichwa.

Nimepanga ile kona ya mfalme na askari wa haramu kwenye ubao ule wa karibu na mlango. Wa sataranji, ninyi ndio mtaanza, tafuteni kete ya kutia badala ya askari. Wa bao, tafadhali msiwaambie.